Ini la Dada na Ng'ombe wa Machicha

Shemeji yangu alikuwa muuza nyama Mtoni, na mikono yake ilikuwa mizito hata anapokusalimia. Akikushika kiganja unahisi mifupa inasagana. Mara nyingi nilisimama pembeni ya gogo lake nikimtazama anavyokata: panga linapanda, linashuka, chembe za mfupa zinamrukia mpaka kwenye kofia, na papo hapo anamtania mteja. "Mama, nyama hii ukiipika vizuri mumeo atakuoa upya." Watu walicheka, wakaongeza nusu kilo. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akisikia fulani anapiga mkewe, hudhani ni mtu wa kununa. Huyu alikuwa mcheshi, na alikuwa anapiga.

Mke wake ni dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka saba. Mwaka huo nilikuwa nimerudi Dar kwa mara ya nne au ya tano. Nilitoka Tunduma, kabla ya hapo Kahama, kabla ya hapo Mtwara, na kote nilifanya kazi za kubeba na kupakia. Safari zangu zote za mwanzo zilianzia Ubungo, stendi ilipokuwa bado pale, na mpaka leo nikipita lile eneo najikuta nageuza shingo kutafuta wapiga debe wa zamani. Ya kwanza niliondoka nikiwa na miaka kumi na tisa, alama ya chuma cha mkanda wa baba ikiwa mbichi shingoni. Dada alisimama kati yetu siku hiyo, akala mikanda iliyokuwa yangu. Mimi nikatoka mbio. Tangu hapo mambo yakichemka popote, miguu yangu ndiyo inayofikiri kwanza.

Dada alinipa chumba cha uani na sharti moja. "Pombe hapana. Mume wangu hataki hata harufu yake, na mie sitaki kesi." Sisi ni watu wa pwani, kwetu pombe haikuingia tangu babu wa babu. Nilimwitikia. Wiki ya pili nikawa na kichupa changu nyuma ya pipa la maji jikoni, nakinywa kidogo kidogo, nasukutua kwa karafuu.

Dada akaanza kulalamika uzito chini ya mbavu za kulia. Haikuwa kuchomwa, alisema, ni kama mtu ameweka tofali na kulisahau. Zahanati ya karibu wakamwandikia ultrasaundi ya tumbo na kumwambia asile chochote tangu jioni. Hiyo ndiyo iliyomuudhi kuliko maumivu. Dada alikuwa mtu wa chapati tatu na chai ya sukari inayosimamisha kijiko. Asubuhi ile njia nzima alikuwa ananigombeza mimi.

"Nikianguka hapa kwa njaa mtasema ini limeniua."

"Dada, tumebakiza nyumba nne tu."

"Nyumba nne kwako wewe uliyekula mihogo!"

Mpimaji alikuwa mwanamke mfupi wa bara, miwani yake ameifunga kamba shingoni, mwenye kupenda kueleza. Alimlaza dada chali, akamwinulia mkono wa kulia juu ya kichwa ili mbavu zifunguke, akampaka ile jeli ya baridi. Dada akapiga yowe dogo. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na pazia, naiona skrini.

"Vuta pumzi. Bana. Bana hapohapo, mama. Haya, achia."

Mimi niliona ukungu tu. Yule mama akanionyesha kwa kalamu. "Hii hapa figo. Hili hapa ini, limelala juu yake. Kwa mtu mzima wa afya rangi zao zinakaribiana, ini likizidi kung'aa ni kidogo tu. Sasa tazama hili."

Hata mimi wa kidato cha nne niliona. Figo ilikuwa nyeusinyeusi, kama mbegu ya ukwaju, na ini juu yake lilikuwa jeupe kama tui. Akashusha kalamu. "Na huku chini nilitakiwa kuona mstari wa kiwambo, ule ukuta unaotenganisha tumbo na mapafu. Siuoni vizuri. Sauti ya mashine inapita kwenye mafuta, inachoka kabla ya kufika." Akapima urefu. Ini lilikuwa limekua, limechungulia nje ya mbavu.

"Ini lina mafuta," alisema. "Limeenea lote, daraja la pili."

"Mafuta ya nini?" dada akauliza.

"Mashine haijui, mama. Inayaona mafuta, haioni yalikotoka. Yanaweza kuwa ya sukari, ya unene, ya dawa, ya pombe. Kwenye skrini yote yanafanana. Unakunywa?"

Dada alijiinua kwa viwiko, jeli inamtiririka ubavuni. "Mie?"

"Nauliza wote. Hata mashehe nawauliza."

"Basi andika kwamba mie sijawahi hata kunusa."

Yule mama akacheka, akamwambia akapime sukari, apunguze chapati, aache sukari kwenye chai, atembee kila siku. Alimwambia ini ni kiungo kinachosamehe, mafuta yanaweza kupungua. Tulirudi tumefurahi. Dada alinunua machungwa.

Mchana shemeji alirudi kula. Alikuwa na kawaida ya kuja na visu vyake vimeviringishwa kwenye kiroba, anavinoa uani, kisha anarudi buchani. Aliweka kiroba mlangoni, akachukua ile karatasi, akaitazama juu chini. Nikamweleza tulichoambiwa.

"Mafuta kwenye ini," akasema. "Maini nayajua mie. Miaka ishirini nayakata." Akanigeukia kama anayefundisha. "Shem, ng'ombe wa porini ini lake jekundu, limebana, ukilibonyeza linarudi. Lakini akiletwa ng'ombe aliyefugwa hapa mjini kwa machicha ya pombe, ukipasua tu unamjua. Ini la njano, limevimba, kisu kinatoka na mafuta. Machicha hayo. Hakuna kingine."

"Daktari kasema mambo ni mengi," dada akasema.

"Daktari kaona picha. Mie nimeyashika." Akampiga kofi la utani kwenye nyonga, lile la kumswaga mnyama. "Kumbe nimeoa ng'ombe wa machicha!"

Nilicheka. Ilikuwa inachekesha jinsi alivyoisema, na nilikuwa nakula chakula chake. Dada hakucheka. Ile kauli ilimkata maini, niliiona usoni, nami nikaendelea kutafuna.

Siku mbili zilizofuata hakumwita kwa jina tena. "Machicha, lete maji." "Machicha, kandambili zangu wapi?" Alianza kama mzaha, lakini mtu akirudia mzaha wake sana mwishowe huuamini. Jioni ya siku ya pili nilimwona akimnusa dada mdomoni alipokuwa anamwandalia chai. Nilipaswa kukitoa kile kichupa siku hiyohiyo. Nilisema nitakitoa kesho.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani napiga mswaki. Nikasikia pipa la maji linaburutwa jikoni. Nilisogea mlangoni, mswaki mdomoni. Shemeji amesimama katikati ya jiko, kichupa changu mkononi, kimebaki robo. Dada alikuwa anakuna nazi. Akainuka.

"Hii ya nani?"

Dada akanitazama mimi. Haikuwa zaidi ya kupepesa jicho mara mbili. Mdomo wangu ulikuwa umejaa povu, na mpaka leo nasema ningeweza kulitema.

"Yangu," dada akasema.

Kofi la kwanza lilimgeuza uso mpaka ukutani. La pili lilimrudisha. "Nikasema! Nikasema machicha!" Alimpiga kwa mkono uleule wa kukatia nyama, bila haraka, kama anayetafuta kiungo. Dada aliinua mikono kufunika uso, shemeji akampiga tumboni. Alipoinama, akamshika shingo akamsukuma, dada akaanguka juu ya kifuu na nazi zilizokunwa, mweupe mwili mzima. Sikusikia akilia. Alisema tu, "Basi, baba, basi," kama mtu anayemtuliza mtoto. Ndipo shemeji akarudisha mguu nyuma akampiga teke ubavuni, upande wa kulia, chini ya mbavu. Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama gunia linapotua chini.

Hapo ndipo miguu yangu ilipotaka kutoka nje. Nakiri. Niligeuka kweli, nikaona geti liko wazi, nikaona barabara. Kilichonirudisha sikijui. Nilijikuta nina mchi wa kinu mkononi, na niliushusha begani kwake kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Mfupa ulilia. Alinigeukia akanipiga ngumi ya mdomo kwa mkono mzima, jino likatoka pamoja na mswaki. Nikampiga tena, kwenye goti. Akaanguka kuelekea mlangoni, na hapo wote wawili tukakiona kile kiroba cha visu, alichokiweka tayari kwenda nacho buchani.

Alikifikia kwanza. Nilimkanyaga mkono. Nilisimama juu ya vidole vyake na uzito wangu wote, nikavisikia vikijipinda chini ya soli, huku kwa mguu mwingine nikikisukuma kiroba mpaka mtaroni. Jirani zetu wawili wanaume waliruka ukuta, wakamshika. Nilimpiga mchi mmoja wa ziada akiwa ameshikwa. Sikuhitaji kufanya hivyo. Nilikuwa nimeusubiri muda mrefu kuliko nilivyojua.

"We mwana, muache!" jirani mmoja akanipigia kelele. "Mtazame dada yako!"

Dada alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Rangi imemtoka, jasho linamtona kwenye nazi. "Bega," akasema. "Bega la kulia linauma."

"Kakupiga bega?"

"Hapana. Hakunigusa bega."

Tulimpakia kwenye bajaji, nikamrudisha kwenye zahanati ileile kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Yule mpimaji alimtambua, akanitazama mimi mdomo unavuja damu. Akamlaza. Safari hii hakujali kama amekula au hajala. Kile kichwa cha mashine alikipeleka moja kwa moja palepale alipokuwa amelinganisha rangi, kati ya ini na figo.

"Juzi hapa nilitafuta weupe," akasema taratibu, macho kwenye skrini. "Leo natafuta weusi."

Akaupata. Ulikuwa uzi mwembamba mweusi uliojipenyeza kati ya lile ini jeupe na ile figo. Alisogeza mkono, uzi ukanenepa.

"Hii damu," akasema. "Mtu akilala chali, damu ya tumboni inapenda kujikusanya hapa. Na bega linauma kwa sababu inachokoza kiwambo kutokea chini." Akavua miwani. "Ini la kawaida limejificha ndani ya mbavu. Hili lilikuwa limetoka nje. Nani kampiga?"

"Nimeanguka," dada akasema.

"Ameanguka kwenye mguu wa mumewe," nikasema.

Gari la wagonjwa lilikuja. Hospitali kubwa wakampiga picha nyingine, wakasema ini limechanika kwa juujuu. Hawakumpasua. Walimwongezea damu, wakamlaza siku nane wakimpima kila asubuhi, na uzi ule ukawa unapungua. Mimi nilikwenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ambayo mtu aliyepigwa hujaziwa na daktari. Askari akaniuliza chanzo cha ugomvi. Nilimweleza teke, makofi, visu. Chanzo nikasema mambo ya ndani ya nyumba. Akaandika hivyo, mambo ya ndani ya nyumba, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Shemeji alikamatwa, akakaa mahabusu siku mbili, mjomba wake akamtoa kwa dhamana. Dada alipotoka hospitali nilimpeleka kwa shangazi yetu Ukonga, na haikupita wiki mjomba mtu akaja na ujumbe: tukae, tuzungumze, kesi iishie nyumbani. Kwa mtaa mzima ilikuwa imeshajulikana kwamba yule mama aliyejifanya mcha Mungu ana ini la mlevi, kipimo kimesema. Wanawake waliokuwa wakimsalimia, sasa jina lake likitajwa walijifanya kuulizana bei ya ndizi. Dada alikubali kukaa. Aliniambia, "Nikikutwa mlevi kwenye kikao, nitaifuta kesi na kurudi. Nani atasimama mahakamani na mlevi?"

Asubuhi ya kikao nilikwenda kwa yule mpimaji, sijala chochote.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nakunywa. Nataka unipime ini, uandike."

Alinilaza. Vuta pumzi, bana, achia. Nilisubiri kuuona weupe. Nilikuwa nimepanga niingie kwenye kile kikao nikiwa na karatasi, niiweke mezani, iseme yenyewe kwamba mlevi wa nyumba ile ni huyu. Kwenye skrini ini na figo vilikuwa vimelala pamoja, rangi moja, kama mapacha.

"Kwa nilivyoona hapa, sioni mafuta," akasema.

"Tazama tena."

"Nimetazama."

"Miaka ishirini, dokta. Gongo, bia, kila kitu."

"Haijakufikia, au haijafika kiasi cha mimi kuiona. Usidhani ni ruhusa." Alikuwa anafuta jeli, akasimama. "Kwanza ulitaka nikuandikie nini wewe?"

Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitupia karatasi za kujifutia kifuani kama anayetupia mbwa mfupa. "Mie naandika ninachokiona. Hayo mengine una mdomo. Toka, nina mgonjwa."

Tulikaa sebuleni kwa shemeji. Mjomba mtu kwenye kochi na bakora yake, shemeji pembeni mkono wa kulia umefungwa kombeo, dada kwenye mkeka amejifunga kanga mbavuni, mimi mlangoni. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia, akaanza kwa dua. Kisha akampa mpwa wake nafasi.

"Mjomba, mie sina mengi. Chupa nimeikuta jikoni kwake. Nimemuuliza, kasema yake. Na mashine imesema. Nilikasirika. Mwanaume gani hakasiriki?"

Mzee akamgeukia dada kwa upole. "Mwanangu, unakunywaga?"

Dada alikuwa anautazama mkeka. Niliona anavyopanga vidole juu ya paja, kimoja kimoja. Nikajua atasema ndiyo, kwa sababu ameshasema mara moja.

"Chupa ni yangu," nikasema. "Niliificha mimi. Dada hajawahi kunywa. Siku ile nilikuwepo mlangoni na sikusema."

Nilitegemea shemeji anirukie. Nilikuwa nimesimama kwa ajili hiyo, miguu nimeipanua. Yeye akacheka, kile kicheko chake cha buchani.

"Nilijua," akasema. "Shem, unanuka tangu wiki ya pili. Karafuu zote za Zanzibar haziwezi. Lakini nilimuuliza nani? Nilimuuliza mke wangu. Akanidanganya usoni. Mke wa kunidanganya mie usoni, nimfanye nini?"

Mzee alifumba macho. Dada akainua uso, na ndipo nilipomwona akielewa, taratibu, jinsi mtu anavyosikia maji ya moto baada ya muda.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ulipokuwa unaniita machicha mbele ya watu."

"Maneno tu yale."

"Uliponipiga teke."

Dada akajishika ubavu, akainuka kwa kutumia ukuta. Shemeji naye akainuka, na mkono wake mzima ukainuka naye, sijui kama ni wa kupiga au wa kuzuia. Mzee hakusubiri kujua. Bakora ilimpata juu ya kiwiko, ikampata tena shingoni, sauti kavu, na yule mwanaume mkubwa akakaa chini ghafla kama mtoto.

Dada alinipitia mlangoni. Akasimama mbele yangu, akanipiga kofi. Halikuwa na nguvu, mbavu hazikumruhusu, lakini liliangukia palepale kwenye pengo la jino.

"Hilo la mswaki," akasema. Kisha kwa mzee, bila kugeuka: "Mjomba, nisamehe. Kesi haifutwi. Jumatatu nakwenda mahakamani, na huyu ndugu yangu atasema hayo aliyoyasema hapa. Akikimbia nitamfuata hukohuko Tunduma."

"Sikimbii," nikasema.

"Sijakuuliza."

Viatu vyake vilikuwa barazani. Alivivaa kwa shida, mmoja, akapumzika, kisha wa pili, kwa sababu kuinama kulikuwa bado kunamuuma, na sisi wanaume watatu tulimtazama, hakuna aliyethubutu kumsaidia.